Shume Mwenye Mbegu Nyingi Kupita Kiasi

Korodani moja ya paka dume aliyekomaa ina uzito wa gramu moja na ushei tu. Hata hivyo, kila siku iendayo kwa Mungu, kila gramu ya korodani hiyo hukamilisha mbegu za kiume zipatazo milioni 16. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2003 na watafiti wawili wa Brazili, França na Godinho, waliokata vipande vyembamba vya korodani za paka wa kawaida, wale wa mitaani wasio na nasaba iliyoandikwa popote, wakazihesabu seli chini ya hadubini. Waligundua pia kwamba safari nzima, tangu seli ya mwanzo hadi mbegu yenye kichwa na mkia, huchukua takribani siku 47. Hizo ndizo namba ambazo wafugaji hupenda kuzisikia. Iliyonivutia mimi ni nyingine, tena ndogo: 2.8.

Seli inayojiandaa kuwa mbegu hugawanyika mara mbili mfululizo ili ipunguze kromosomu zake kwa nusu. Kwa paka ni kutoka 38 kubaki 19. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, kwa hiyo kila seli inayoingia katika migawanyiko hiyo ilitakiwa itoe mbegu changa nne. Paka wale walitoa 2.8. Karibu theluthi ya zilizotarajiwa zilikuwa zimepotelea njiani, na hao hawakuwa paka wagonjwa. Walikuwa wazima kabisa. Tukumbuke kwamba kuna nyingine zinazokufa mapema zaidi, kabla hata migawanyiko hiyo haijaanza.

Zinazopotea hazipasuki wala hazitungi usaha. Kifo chake kina utaratibu, na utaratibu huo ulipewa jina mwaka 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliouita apoptosisi. Seli husinyaa. Vimeng'enya viitwavyo kaspasi, ambavyo muda wote vilikuwemo humo vikiwa vimelala, huamka na kuanza kukata protini za ndani. Uzi wa DNA hukatwa vipande vya urefu unaolingana. Kiini hujikunyata na kuwa donge jeusi. Kisha molekuli fulani ya mafuta, ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando wa seli, hugeuzwa nje, na kwa jirani hiyo ndiyo ishara kwamba huyu tayari, anaweza kuliwa. Katika korodani jirani huyo ni seli ya Sertoli, iliyopewa jina la Mtaliano Enrico Sertoli aliyeieleza mwaka 1865. Huimeza maiti ile na kuisaga, na vipande vyake hutumika upya. Hakuna uvimbe, hakuna homa, hakuna dalili yoyote ambayo mwenye paka angeiona.

Sertoli ndiye mhusika mkuu wa makala hii, kwa hiyo tukae naye kidogo. Ni seli ndefu inayosimama ndani ya ukuta wa mrija, na mbegu zote zinazokua hukaa mikunjoni mwake, zikisogea juu kadiri zinavyokomaa. Yeye ndiye anayezilisha, anayezikinga na damu ili mwili usizitambue kama adui, na anayezisaidia kubadilika umbo. Idadi ya seli hizi huwekwa kabla paka hajabalehe, na baada ya hapo haiongezeki. Kwa paka wa Brazili kila seli ya Sertoli ilikuwa ikilea mbegu changa zipatazo 5. Ni kama kuku, ambaye hulalia mayai yanayoenea chini ya mabawa yake. Ukimwongezea mengine, yatakayobaki nje yatapoa, na hata yale ya ndani hayatapata joto sawasawa. Kufa kwa baadhi ya seli mapema, kwanza, kunaifanya idadi ilingane na uwezo wa mlezi. Pili, kunaziondoa seli ambazo DNA yake ilikatika na haikuungwa vizuri, au ambazo kromosomu zake ziligawanyika vibaya.

Ukitaka kujua kama kifo hicho kina faida kweli, kizuie uone. Kwa panya wa maabara jambo hilo limefanyika. Mwaka 1995 ilionekana kwamba panya waliozaliwa bila protini ya Bax, ambayo ni mojawapo ya zile zinazoisukuma seli ife, huwa na korodani zilizojaa seli changa zilizosongamana na hawatoi mbegu zilizokomaa. Miaka miwili baadaye kundi jingine la watafiti liliwatia panya jeni za kuzuia seli zisife, na matokeo yakawa yale yale: wimbi la mapema la vifo lilipozimwa, madume walikuwa tasa. Mtu angetegemea korodani isiyopoteza seli hata moja iwe na rutuba ya ajabu. Ni kinyume chake.

Kifo kikizidi nacho huleta utasa, na huo ndio upande ambao madaktari wa mifugo tunaufahamu zaidi. Korodani ya paka ikibaki tumboni badala ya kushuka mfukoni, joto la mwili huziua seli za mbegu na mirija hubaki karibu mitupu. Homoni ya kiume, hata hivyo, huendelea kutoka, na ndiyo maana paka wa namna hiyo anapigana, anakojolea mapazia na kulia usiku kama shume mwingine yeyote. Wapo pia madume wa rangi tatu, yaani nyeupe, nyeusi na chungwa. Ni adimu mno, kwa sababu rangi ya chungwa hubebwa na kromosomu X, na ili dume apate nyeusi na chungwa kwa pamoja lazima kwa kawaida awe na X mbili na Y moja. Ndani ya korodani zake seli za mbegu hufa mapema na kubaki seli za Sertoli peke yake. Watu humlipia bei kubwa wakitumaini atawazalia wengine wa rangi hiyo. Hazalishi.

Lakini hao ni wale waliopoteza seli nyingi mno. Kisa cha ajabu zaidi ni cha paka waliopoteza chache mno.

Kitaalamu dume mwenye zaidi ya asilimia 60 ya mbegu zenye umbo baya huitwa mwenye teratospemia. Ukiweka tone la manii yake kwenye kioo, ukalipaka rangi na kulitazama kwa lenzi kubwa, hutahitaji shahada ili uone kasoro. Mkia mmoja umejikunja kama springi ya saa. Mwingine umekunjika katikati, na pale penye kona pameng'ang'ania tone la majimaji ya seli ambalo lilipaswa kuachwa nyuma. Kuna kichwa kikubwa mara mbili ya vingine, na pembeni yake mbegu yenye vichwa viwili na mkia mmoja. Ukitazama mbele ya vichwa utakuta kifuko cha vimeng'enya, akrosomu, kimekwenda upande au hakipo kabisa, na bila hicho mbegu haiwezi kutoboa utando mnene unaolizunguka yai. Hata dume mzuri wa mtaani huwa na mbegu mbaya za kutosha. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1983 paka wa kawaida walikuwa na asilimia 29. Jamii nzima ya paka haina umakini mkubwa katika jambo hili ukilinganisha na wanyama wengine wa kufugwa.

Swali lilikuwa: mbegu hizo mbaya zinatoka wapi? Jibu rahisi lingekuwa kwamba korodani imechoka, inatengeneza kidogo na vibaya. Mwaka 2004 watafiti wa taasisi ya Leibniz ya wanyamapori mjini Berlin, wakishirikiana na wenzao wa Smithsonian nchini Marekani, walichapisha kazi iliyolipindua jibu hilo. Walichukua paka wa kufugwa wa makundi mawili, wenye mbegu nzuri na wenye teratospemia, wakazipima korodani zao kwa njia mbili. Kwanza walivipima vipande vyembamba chini ya hadubini. Kisha walizitenganisha seli na kuzipitisha moja moja mbele ya mwali wa leza, katika mashine inayosoma kila seli ina kiasi gani cha DNA. Mbegu changa huwa na nusu, seli za kawaida zina kiasi kamili, na zile zinazojiandaa kugawanyika zina maradufu. Ukijua uwiano wa makundi hayo unajua ni wapi seli zinapungua na ni wapi hazipungui.

Paka wenye teratospemia walikuwa wakitengeneza mbegu nyingi kuliko wenzao. Walikuwa na eneo kubwa zaidi la mirija inayozalisha mbegu, kila seli ya Sertoli ilibeba seli nyingi zaidi, na zilizopotea njiani zilikuwa pungufu. Watafiti wenyewe walihitimisha kwamba wingi ulipatikana kwa gharama ya ubora.

Napenda matokeo haya kwa sababu yanawagonga watu pabaya. Tumezoea kumsifu dume kwa wingi wa alichonacho, awe fahali, jogoo au binadamu, na karatasi za maabara zenyewe huanza na idadi. Huyu shume angefaulu mtihani wa idadi kwa alama za juu kabisa.

Ni vipi basi kupungua kwa vifo kunazaa mikia iliyojikunja? Njia mbili zinaelekea kufanya kazi pamoja. Seli zenye hitilafu ambazo zingeondolewa mapema zinapita, zinaendelea kukua, na hitilafu inajionyesha mwishoni katika umbo. Na Sertoli aliyelemewa anashindwa kuzihudumia zote, zikiwemo zile ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Mimi natia uzito zaidi kwenye hii ya pili. Kasoro nyingi zinazoonekana kwenye kioo, kama lile tone lisiloachwa na mkia uliokunjika, ni za hatua za mwisho kabisa, wakati mbegu inapunguza majimaji yake na kuachiliwa kutoka mikononi mwa mlezi. Hiyo ni kazi ambayo Sertoli hushiriki moja kwa moja. Uchunguzi wa awali wa jeni katika korodani za paka hawa ulionyesha kwamba utendaji wa jeni hizo nao haukuwa wa kawaida, jambo linaloashiria kwamba tatizo limeenea korodani nzima na halikuishia kwenye mbegu chache zilizoteleza.

Lipo jambo jingine linalounga mkono mawazo hayo. Ukiziondoa mbegu zote zenye umbo baya na kubaki na zile zinazoonekana nzuri, bado mbegu nzuri za dume huyu ni dhaifu kuliko mbegu nzuri za dume mwenzake. Zinachelewa kujiandaa kwa ajili ya yai, vifuko vyake vya vimeng'enya havifunguki inavyotakiwa, utando wa yai unazishinda, na zikigandishwa hufa nyingi. Hata upakiaji wa DNA ndani ya kichwa una dosari. Umbo, kwa maneno mengine, ni dalili ya nje ya malezi mabaya ya ndani. Halafu inakuja sehemu ya kushangaza: mtaalamu akiichukua mbegu ya dume huyo kwa sindano ya kioo na kuiingiza ndani ya yai moja kwa moja, yai linarutubika na kiinitete kinakua bila tofauti ya kuonekana. Kilichoharibika zaidi ni uwezo wa kufika na kuingia. Mzigo wenyewe wa urithi, pamoja na dosari zake, bado unafanya kazi.

Chanzo kikubwa cha hali hii kinajulikana: kuzaliana kwa ndugu. Paka wa maabara walipopandishwa kizazi baada ya kizazi ndani ya ukoo mmoja, teratospemia ilijitokeza. Porini majaribio hayo yamefanywa na maafa, na moja lilitokea Tanzania. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi, nzi wanaouma walizuka katika kreta ya Ngorongoro kwa wingi usio wa kawaida. Simba walijaa vidonda, wakashindwa kuwinda, na waliobaki walikuwa kama 10 tu. Madume wachache waliingia kutoka nje katika miaka michache iliyofuata, kisha mlango ukafungwa. Simba wote waliozaliwa kretani baadaye walitokana na kundi hilo dogo. Mwaka 1987 David Wildt, Craig Packer, Stephen O'Brien na wenzao walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa manii ya simba wa Serengeti, wa Ngorongoro na wa msitu wa Gir nchini India, ambao mababu zao walikaribia kutoweka kwa kuwindwa. Mbegu zenye kasoro zilikuwa karibu robo kwa simba wa Serengeti, nusu kwa wa kreta, na theluthi mbili kwa wa Gir. Ukipanda gari Serengeti asubuhi, jioni unaweza kulala ukingoni mwa kreta. Umbali ni huo tu, na tofauti ni maradufu.

Duma nao wako kwenye orodha. Utafiti ule wa 1983, uliofanywa kwa duma wa Afrika Kusini, uliwakuta na asilimia 71 ya mbegu mbaya. Hata hivyo duma wa porini wanazaa, tena vizuri, na hapo ndipo mtu anapaswa kuwa mwangalifu asiitafsiri teratospemia kuwa utasa. Ni kupungua kwa uwezekano. Porini na mitaani upungufu huo hukutana na ushindani. Kwa kawaida paka jike hatoi mayai mpaka apandwe, mara nyingi hupandwa na madume kadhaa katika siku chache, na watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Shume mwenye mbegu mbovu anashindania yai lile lile na jirani yake mwenye mbegu nzuri. Kwenye banda la mfugaji wa paka wa nasaba hakuna jirani. Dume mmoja mwenye manyoya ya kupendeza hufungiwa na jike mmoja, na hata kama mbegu zake nyingi ni mbovu, chache zinatosha, watoto wanazaliwa wawili badala ya watano, na mfugaji anasema ni bahati tu.

Paka wa Sokoke, wenye mabaka ya rangi ya gome la mti, waliotoka kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi na kupelekwa hadi Denmark katika miaka ya 1980, walianzishwa na paka wachache sana. Wafugaji wao waliona mapema kwamba ukoo ni mwembamba na baadaye wakaleta paka wapya kutoka Kenya. Hatua kama hiyo iliwahi kuokoa puma wa Florida. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 30, zaidi ya asilimia 90 ya mbegu za madume zilikuwa na kasoro, na wengi wao walikuwa na korodani isiyoshuka. Mwaka 1995 waliletewa majike 8 kutoka Texas. Watano walizaa, wajukuu wakaongezeka, na madume chotara walionekana kuwa na korodani mbili mahali pake na mbegu nzuri zaidi kuliko za babu zao.

Kwa mwenye dume nyumbani, uchunguzi wenyewe si mgumu kama watu wanavyodhani. Paka hupewa dawa ya usingizi aina ya medetomidini, ambayo pamoja na kumlaza huzifanya mbegu zisogee kwenye njia ya mkojo. Mrija mwembamba huingizwa na kutoka na tone dogo, mara nyingi chini ya sehemu ya kumi ya mililita. Mwambie daktari ahesabu maumbo ya mbegu 100 au 200, asikupe idadi na mwendo peke yake. Na usimhukumu dume kwa sampuli moja. Homa ya wiki chache zilizopita inaweza kuwa ndiyo iliyoharibu kundi zima la mbegu, na kwa kuwa safari ya mbegu ni siku 47, ukiongeza muda wa kupita na kuhifadhiwa nje ya korodani, kipimo cha pili kinafaa kusubiri miezi miwili. Ukikuta sura ile ile, dume huyo ahasiwe akae kama kipenzi, na jike atafutiwe dume wa ukoo mwingine.

Kuna wanaoshauri achomwe sindano ya testosteroni ili "apate nguvu". Ndani ya korodani homoni hiyo tayari iko kwa kiwango kinachozidi cha damu mara nyingi, na seli za mbegu zinategemea kiwango hicho. Ikiongezwa kutoka nje, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huona damu imejaa na kuacha kuiamuru korodani itengeneze yake. Kiwango cha ndani kinaanguka. Seli za mbegu hapo zitakufa kweli, na kwa wingi, ila safari hii nzima na mbovu zinakwenda pamoja.